Wimbo wa Tisa Hauna Ngoma

Emali, 12 Januari 2025

Kaka Mulei,

Habari za Kitui? Mwongeli hajambo? Na mtoto, meno yameota au bado anauma watu kwa ufizi? Sisi huku tuko. Mvua ilikatika kabla ya Krismasi lakini ndengu hazikutuaibisha, tumevuna za kula na za mbegu. Kuku mweupe wa Mama aligongwa na lori, akaombolezwa siku mbili, halafu akapikwa. Kaka Nzomo hupiga simu kutoka Doha kila Jumapili na malalamiko yake ni joto tu. Mama yuko, anakusalimia.

Najua unacheka ukiona barua. Cheka. Simu yako siiwezi tena. Kila nikigusa jambo usilolitaka unaniambia network inakatika, na mimi niko Emali, si mwezini. Karatasi haikatiki. Nimempa Mutisya, yule dereva wa lori la ndengu anayelala Kitui mara kwa mara, na amekubali kuwa posta yetu mradi tusimuulize akichelewa.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Ndani ya bahasha kuna flashi, nimeifunga kwa karatasi ya unga. Ndiyo hiyo, kaka. Albamu! Nyimbo tisa. Mimi gitaa na sauti, Mowlid ngoma. Mowlid unamkumbuka, mtoto wa Mzee Maalim wa duka la vitambaa karibu na stesheni. Sasa ni mwanaume na ndevu zake. Bendi tumeiita Kutu. Tumerekodi kwa simu yangu kwenye stoo ya Baba, ile iliyopakana na chumba cha kulala.

Makosa haya yote ni yako. Ni wewe uliyerudi kutoka college na ile kanda ya vijana wa kizungu wanaopiga mayowe, ukaniambia punk haimtaki mtu anayejua kuimba, inamtaka mtu mwenye jambo. Nilikuwa darasa la sita. Tulipiga mayowe nyuma ya nyumba mpaka Mama akatoka na mwiko. Unakumbuka alivyofanya? Alikupita wewe akanishika mimi. Wewe ulipewa jina la babake, anakuita Nau, baba yake, na mtu hawezi kumgombeza baba yake mzazi. Basi nikagombezwa kwa makosa ya watu wawili, na wewe umesimama hapo kama chifu.

Kwa hivyo una deni la masikio. Nakuomba kitu kimoja tu: sikiliza zote, kwa mpangilio, mpaka mwisho, bila kuruka. Halafu uniambie ukweli kama unavyowaambia wateja wa duka lako. Usinionee huruma.

Huku Mutisya anapiga honi, acha nikimbie.

Kalekye


Kitui, 9 Februari 2025

Kalekye wetu,

Salamu nyingi kutoka hapa. Mwongeli hajambo, anaimba kwaya siku hizi na sina chakula cha jioni Jumatano wala Ijumaa. Mtoto ameota meno mawili na ameyatumia kwa charger yangu. Unajua namwita Mwaitu, mama yangu, kwa vile amebeba jina la Mama, na wateja wakinisikia nikisema "Mwaitu, toa hiyo waya mdomoni" wanadhani nimepotewa na adabu. Duka liko. Nusu ya siku natengeneza simu, nusu nawajazia watu wa boda nyimbo kwenye flashi. Stima inakatika ikitaka.

Barua yako ilikaa kwenye lori la Mutisya wiki mbili nzima, chini ya turubali, kwa hivyo usinilaumu kwa kuchelewa.

Nimesikiliza. Umesema nisikuonee huruma, na mimi ni kaka yako, nitakutii. Kalekye, nimesikitika.

Nilifunga mlango wa duka, nikafungulia zile spika kubwa, nikasema leo Kitui itajua kwetu kuna mtu. Wimbo wa kwanza ukaanza nikadhani spika imekufa. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Hata Mwongeli alichungulia akauliza kama nimeharibu kitu cha mteja. Ngoma za Mowlid zinasikika kama mtungi uliofungwa blanketi. Gitaa linakwaruza vizuri, mkono wako umekua, hilo nakupa. Lakini sauti! Ile sauti yako iliyokuwa ikifanya mbuzi wa majirani wakate kamba iko wapi? Unaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Maneno ni makali, nimeyasikia nikiinamisha sikio, lakini punk haisikilizwi kwa kuinama. Punk ni mtu anayegonga mlango uliofungwa. Nyinyi mnabisha kama wageni waliotumwa na kanisa.

Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho na maoni yangu ni hayo. Mmekuwa na aibu. Sijui mnamwonea nani aibu. Rudini stoo, mpige kama watu wenye hasira, mtume tena.

Usikasirike. Ningekuwa mtu baki ningekwambia ni safi na ningeendelea na shughuli zangu.

Kuhusu kuja, Pasaka nitajaribu. Mambo ya duka ni mengi na sina wa kumwachia. Lakini najua huko mko sawa. Mama angenihitaji angeniita, na hajaniita, kwa hivyo moyo wangu umetulia. Mwambie Nau wake anamsalimia.

Nakuachia hapo, kuna mzee hapa anataka simu yake iongee tena.

Mulei


Emali, 6 Machi 2025

Kaka,

Hatujambo. Mwongeli na mtoto wasalimie.

Barua yako imefika. Ahsante kwa kusikiliza na kwa ukweli. Nimemsomea Mowlid. Amefunga, na hakuwa na nguvu za kubishana, amesema tu kwamba mtungi ulikuwa mtungi kweli.

Nina swali moja. Wimbo wa tisa uliuonaje? Hukuutaja.

Kalekye


Kitui, 23 Machi 2025

Dada Kalekye,

Mbona fupi hivyo? Nilipofungua bahasha nilidhani Mutisya ameangusha karatasi nyingine njiani. Hata kuku wapya hukunitajia. Sisi tuko wazima. Mvua imeanza kunyesha, huko vijijini Matinyani watu wako shambani tangu Jumatatu na mjini hakuna wateja. Mtoto anasimama akishika meza.

Wimbo wa tisa, ule uliouita Kikombe. Ni afadhali kidogo kuliko nyingine. Ngoma zimekuwa nyingi mno mwishoni, Mowlid angepunguza, lakini kwa jumla uko kwenye njia nzuri. Ningekuwa wewe ningeuweka mwanzo.

Naona umenuna. Nilikwambia usikasirike. Tulipokuwa wadogo ungenirushia kiatu yakaisha.

Pasaka sina uhakika. Kwaya ya Mwongeli ina mkutano mkubwa na mimi ndiye niliyepewa vipaza sauti. Nitaona. Mama anasemaje? Hujaniambia lolote juu yake, umeandika tu "hatujambo". Lakini ninyi wawili mkiwa na neno mngenipigia.

Nijibu kwa karatasi nzima, tafadhali.

Mulei


Kitui, 27 Aprili 2025

Kalekye,

Natumai mko salama. Sisi tuko, isipokuwa mtoto alikuwa na homa na sasa imeshuka.

Mutisya amepita mara mbili mikono mitupu. Nilimuuliza kama umempa kitu akasema hapana, na alikuwa anaangalia magurudumu badala ya kuniangalia mimi. Nimekupigia, simu inalia inakatika. Nimempigia Mama, imezimwa. Nzomo naye nimempigia huko Doha. Amesema tu, "Enda nyumbani." Nilipomuuliza kuna nini akaniambia amekatazwa kusema.

Jana nimembana Mutisya kwa chai. Ameniambia kwamba siku ya mwisho alipopitia kwetu alimkuta Mowlid uani akiosha vyombo na wewe hukutoka. Kwa nini Mowlid aoshe vyombo vyetu? Wewe ulikuwa wapi? Sufuria za Mama hazijawahi kuguswa na mtu wa nje, hata shangazi zetu walikuwa wanafukuzwa jikoni.

Sikuja Pasaka. Unajua sikuja. Sitakuandikia habari za kwaya wala vipaza sauti.

Kama kuna jambo niambie.

Mulei


Emali, 11 Mei 2025

Kaka Mulei,

Leo nakuandikia karatasi nzima kama ulivyotaka. Salamu kwanza, ili isiwe nimekosa adabu: Mwongeli, mtoto, salamu zenu nyingi. Huku mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika kiunoni.

Wimbo wa tisa hauna ngoma.

Hauna hata moja. Mowlid siku hiyo hakuwepo. Niliposoma barua yako ya Machi nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaamua sitakuandikia tena mpaka hasira ipungue. Imepungua kidogo. Si kwa sababu umesema albamu ni mbaya. Nilikuomba ukweli. Ni kwamba nilikuomba usikilize mpaka mwisho, jambo moja tu, na hata hilo ulinipa nusu ukaniandikia kwamba ni zima.

Sasa nikuambie kwa nini tuliimba kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Tulikuwa tunaogopa kumwamsha Mama.

Moyo wake umepanuka. Daktari alisema hivyo Oktoba, nikasimama hapo nikiuliza moyo mpana una ubaya gani. Miguu inajaa maji. Akilala kitandani pumzi inamkata, kwa hivyo usiku anaketi, na mimi naketi naye. Usingizi wake ni mchana baada ya chakula, kwenye kile kiti cha Baba chenye mikono, amefunikwa shuka. Huo ndio wakati pekee ambao mikono yangu haina kazi. Kiti kiko upande huu wa ukuta, stoo iko upande ule. Ndiyo maana Mowlid alifunga mtungi kwa blanketi. Ulipatia kabisa, ni mtungi uliofungwa blanketi. Na mimi niliimba yale maneno yote meno yakiwa karibu yamefungwa, mambo ya barabara, ya njaa, ya kuchoka. Kila wimbo tulipomaliza nilichungulia kama shuka inapanda na kushuka.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Nilikatazwa. Siku daktari alipoongea nilitoa simu nikupigie hapo hapo, Mama akanishika mkono. Akaniambia, "Wewe, weka hiyo simu. Mimi nitatuma mtu akamwite baba yangu kama mtoto wa shule? Nau akitaka kuja atakuja. Na akija nitakuwa nimevaa." Nzomo akaambiwa hivyo hivyo. Nilimwambia, "Mwaitu, huyo ni Mulei, ni mtoto wako, ulimnyonyesha." Akanijibu kwamba anajua alimnyonyesha nani, na jina alilompa ni lake yeye kulitunza.

Wewe umekaa Kitui ukingoja kuitwa, na yeye amekaa hapa akiona haya kuita. Kila mmoja anasema mwenzake hajasema. Katikati yenu niko mimi, naosha miguu.

Nilimpa neno langu kwamba sitakuita. Sikukuita. Nilikuimbia. Nilifikiri, huyu mtu kazi yake ni kusikiliza, nikimwekea Mama kwenye wimbo wa mwisho atamsikia mwenyewe, na mimi nitakuwa sijavunja neno. Nilijiona mjanja sana. Sikujua kwamba msikilizaji mkubwa wa Kitui huishia njiani.

Mowlid anaosha vyombo kwa sababu mimi siwezi kumwinua Mama na kuosha sufuria saa hiyo hiyo. Mama hamfukuzi. Anamwita mwanangu, na anamwonyesha sufuria ambazo hazijatakata.

Nimechoka, kaka. Nina umri wa miaka ishirini na sita na nikisikia lori likipiga honi natamani kulijibu.

Flashi unayo. Nimemaliza.

Kalekye


Kitui, 16 Mei 2025

Kalekye,

Sitaanza na habari za hapa.

Niliishia wimbo wa nne. Kuna kijana wa boda alikuja na haraka zake, nikachomoa flashi yako nikaweka yake, na niliporudi niliona nimeshajua albamu ni ya namna gani. Ndivyo nilivyofanya. Majina ya nyimbo niliyasoma kwenye kioo cha kompyuta. Halafu nikakaa nikakuandikia barua ya mtu aliyesikiliza, na nikafurahia jinsi nilivyoandika. Hilo la kufurahia ndilo linaniuma zaidi. Nilimsomea Mwongeli ile sehemu ya wageni wa kanisa ili acheke.

Leo asubuhi nimefunga duka nikasikiliza zote kwa mpangilio. Safari hii sikuongeza sauti. Niliweka zile spika ndogo nikakaa karibu. Na kwa vile sasa najua mlipiga mkichungulia shuka, nikasikia mahali unapokata neno katikati na kungoja. Kwenye wimbo wa sita unangoja muda mrefu mpaka nikasimama. Mwanzoni ningeandika kwamba hapo hamjui kupiga kwa wakati.

Halafu wa tisa. Gitaa peke yake, nyuzi mbili. Mlango unalia. Halafu Mama.

"Kalekye. Umeosha kikombe cha Nau?"

"Nimeosha, Mwaitu."

"Lakini hicho ni cha jana."

"Nimeosha jana na nimeosha leo."

"Kipanguse basi. Akikuta maji ndani atasema nyumba imelala."

Na unapangusa. Nasikia kitambaa kikizunguka ndani ya kikombe mpaka wimbo unaisha. Ni kile kikubwa cha bati, cha rangi ya kijani, kilichokuwa cha babu. Nilinyweshwa nacho uji tangu nikiwa na mikono ya kukishika kwa shida, na hakuna mtoto mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Nilidhani kiko kabatini na vumbi lake.

Umeandika kwamba nilikuwa nangoja kuitwa. Umenisemea vizuri kuliko ninavyostahili. Agosti nilipokuja, Mama alisimama kunipikia na nikamwona akishika ukuta kutoka meza mpaka mlango. Viatu vyake alikuwa amevikata nyuma ili mguu uingie. Niliona, Kalekye. Nilikula chakula chote, nikasema nina safari ya mapema, nikaondoka kabla hamjaamka. Tangu siku hiyo sikutaka kujua, na kila wiki iliyopita bila yeye kunipigia niliihesabu kuwa ruhusa. Nilimuuguza Baba mpaka siku ya mwisho na niliogopa kuuguza tena. Hiyo ndiyo network iliyokuwa inakatika.

Kila siku namwita mtoto wangu Mwaitu, namshika mkono atembee. Mwaitu mwenyewe anashika ukuta.

Mutisya anarudi Emali kesho na barua hii. Jumatano mimi mwenyewe nitafika. Mama usimwambie kitu. Nataka anione nimekuja bila kutumiwa mtu.

Mulei


Emali, 22 Juni 2025

Kalekye,

Habari za Kitui, mwanamuziki? Mwongeli anakulisha tangu tubadilishane nyumba? Ameniambia kwa simu kwamba wewe na Mowlid mmefanya chumba cha nyuma cha duka kuwa uwanja wa vita, na kwamba mwenye nyumba amekuja mara mbili. Mara ya tatu mwambie asubiri, ninyi ni wageni wangu. Mowlid anafika kwa binamu yake kulala au anadanganya? Mtoto ametembea? Usimfundishe kupiga mayowe, nitayakuta nikirudi.

Huku tuko. Mahindi ya kuchoma yameanza. Nimejifunza kupika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, usioungua, na Mama ameula bila kusifu. Miguu imepungua kidogo kwa ile dawa mpya. Daktari hakunipa maneno matamu na mimi sitakupa. Kuna siku nzuri. Usiku naketi naye. Nimejua sasa kwamba kufunga mlango polepole ni kazi ya mkono na bega, na bado haujakubali.

Nina mambo mawili ya kukuambia.

La kwanza utalichukia. Mama hakuwa akilala. Zile siku zote mlizokuwa mkimchungulia, alikuwa amefumba macho tu. Amenieleza mwenyewe juzi, huku akicheka mpaka akakosa pumzi, nikamwomba aache. Anasema mlipokuwa mkiingia stoo alikuwa anasogeza kiti ukutani ili asikie vizuri, na mkinyamaza anajifanya kukoroma. Alijua akifumbua macho utaacha gitaa uje kumuuliza anataka nini. Nilimuuliza kama alizipenda. Akafikiri. Akasema, "Ni nzuri, lakini mbona walikuwa wanaogopa kupiga?" Sasa una wasikilizaji wawili wenye malalamiko yale yale, isipokuwa yeye alisikiliza mpaka mwisho.

Usijilaumu kwa usingizi wake. Nilitaka nijilaumu mimi kwa niaba yako, lakini hata nafasi sina, lawama zangu mwenyewe zimeijaza.

La pili ni la siku niliyofika. Wewe ulikuwa umeenda kuteka maji kwa jirani. Niliingia nikamkuta kwenye kiti, amevaa ile gauni ya kanisani, na kitambaa kichwani. Alikuwa akishinda amevaa hivyo kila siku, uliniambia baadaye, na wewe ndiye unayemvisha. Hakushtuka. Alishusha shuka kutoka magotini kama mtu anayetaka kusimama kwa heshima, ikashindikana. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nau. Umekuja kunichukua?"

Mpaka leo sijui alikuwa anaongea na nani. Labda nami, ananiuliza kama nitampeleka Kitui. Labda na babake aliyekufa kabla sijazaliwa. Niliutua mfuko wangu chini. Nikamwambia, "La, Mwaitu. Nimekuja kukaa." Akasema basi kikombe chako kiko pale, kimeoshwa. Nikakichukua. Kilikuwa kikavu kabisa ndani. Nilikunywa maji kwa kikombe hicho mbele yake mpaka yakaisha.

Tangu hapo nangoja anigombeze. Ninamwinua, ninamwosha miguu, namtazama usoni, nangoja. Nilikuwa mbali miezi tisa yeye akipangusisha kikombe cha mtu asiyekuja, na neno moja sijalisikia. Ananishukuru. Ananiita Nau na ananishukuru kwa kila kijiko. Jana nilishindwa, nikapiga magoti nikamwambia, "Mwaitu, nigombeze hata kidogo." Akanishangaa kabisa. Akaniambia, "Mimi? Wewe?" akanipapasa kichwa akaniuliza kama nimekula.

Hawezi, na hataanza leo. Jina alilonipa limemfunga mdomo, na mimi nilikuwa najificha ndani yake tangu siku ya mwiko.

Lakini wewe hujanipa jina la mtu. Wewe ni dada yangu mdogo uliyegombezwa kwa makosa yangu, na uko Kitui kwenye chumba chenye spika kubwa. Mtungi mmeutoa blanketi. Andika wimbo wa kumi, unihusu. Weka kila kitu: Pasaka, vipaza sauti, wimbo wa nne, viatu vilivyokatwa nyuma. Unitaje kwa jina langu, Mulei, si Nau wa Mama. Upige kwa sauti yako yote, Kalekye, hakuna mtu anayelala. Mutisya akiuleta tutausikiliza wawili, mimi na Mama, tumekaa upande mmoja wa ukuta, na sitaondoka kwenye kiti mpaka uishe.

Ndugu yako,
Mulei